Ubia wa vyuo vikuu Uganda: hatari haikai kwenye hati ya makubaliano

Makerere yenyewe ilikua ndani ya ubia. Kuanzia mwaka 1949 wanafunzi wake walisomea shahada za Chuo Kikuu cha London, mpaka Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipoanzishwa mwaka 1963. London haikuazimisha jina lake na kwenda zake; ilishiriki kukubali mitaala na kusimamia mitihani. Wapo waliolalamika, na walikuwa na haki, kwamba mpango ule ulielekeza macho ya wasomi wetu Ulaya. Lakini mwajiri aliyepokea shahada ile alijua imepimwa kwa mizani gani.

Leo ubia umekuwa wa aina nyingi, kuanzia vyuo shirikishi vya mikoani vinavyofundisha kwa jina la chuo kikuu kikubwa hadi shahada za uzamivu ambazo Makerere imezitoa pamoja na Karolinska, chuo kikuu cha tiba cha Uswidi. Wanaotaka usimamizi uwe mwepesi wana hoja nzito. Chuo kidogo cha mbali na Kampala, chenye wahadhiri wachache, kikitakiwa kujaza fomu zilezile anazojaza mbia wake mkubwa, fedha ambazo zingenunua vitabu huishia kwenye ada za ukaguzi, na kijana ambaye angesomea karibu na kwao hukosa nafasi. Mwaka 2023, ilipojulikana kwamba programu nyingi nchini zilikuwa zimepitiwa na muda wa ithibati, yaani kibali rasmi cha kufundishwa, walioingiwa na hofu ni wanafunzi waliolipa ada na kusoma kwa uaminifu, ilhali kuhuisha ithibati haikuwa kazi yao.

Hoja hiyo naiheshimu, ila haijibu nilichokiona mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mtahini wa nje, yaani mhakiki wa mitihani asiye wa chuo husika, katika chuo shirikishi kimoja. Hati ya makubaliano na chuo kikuu mama ilikuwa safi, imesainiwa na kupigwa mihuri yote. Nikaomba karatasi za majibu, nikachomoa chache kutoka katikati ya fungu. Tatu zilikuwa na alama sawasawa katika swali la nne, na mmoja wa watahiniwa hao hakuwa ameandika hata neno moja chini ya swali hilo. Mwongozo wa kusahihisha haukuwepo. Nilipouliza ni nani kutoka chuo mama aliyepitia alama hizo kabla yangu, nikaambiwa kwamba chuo mama hutumiwa orodha ya majumla ya alama tu.

Kwa hiyo naamini kwamba tunakagua mahali pasipostahili uzito huo. Sheria ya vyuo vikuu ya mwaka 2001 ililipatia Baraza la Taifa la Elimu ya Juu mamlaka ya kutoa ithibati, na mlango huo wa kuingilia unalindwa kwa majengo, idadi ya wahadhiri na mitaala. Chumba cha kusahihishia huachiwa wabia wenyewe. Ningependa mlango ulegezwe kidogo na chumba hicho kikazwe: chuo ambacho jina lake linaandikwa kwenye shahada kisome sampuli ya karatasi kila muhula, na kiwe na uwezo wa kuzuia matokeo. Katika uzamivu wa pamoja jambo hili ni rahisi zaidi, kwa sababu mwanafunzi ana wasimamizi pande zote mbili wanaoisoma kazi yake sura kwa sura. Katika shahada ya kwanza yenye mamia ya watahiniwa linagharimu muda na fedha, na gharama hiyo iandikwe kwenye makubaliano tangu mwanzo, pamoja na jibu la swali ambalo hati nyingi hulikwepa: ubia ukivunjika, nani atawamalizisha walio mwaka wa pili, na daftari la alama litabaki kwa nani?

Karatasi zile niliomba zisahihishwe upya zote. Matokeo yalichelewa wiki sita, na mwanafunzi mmoja aliyekuwa akisubiri cheti ili aanze kazi alinijia kulalamika. Sikuwa na la kumfariji. Nilimwonyesha tu swali la nne.