Mtoto akishatengwa, nani anaongea naye?

Binamu yangu alikamatwa akiwa na miaka 16. Kituoni hakuna aliyehangaika na cheti chake cha kuzaliwa, na umbo lake kubwa likamponza. Akalala siku nne selo moja na watu wazima. Alitoka anajua kuwasha pikipiki bila ufunguo, ujuzi ambao hakuingia nao.

Yalinirudia hayo huku Ujerumani nilipoitwa kumtafsiria kijana wa miaka 17 aliyekuwa mahabusu. Jengo zima ni la vijana watupu. Mshauri hakugusa habari ya kosa. Alitoa karata mfukoni, wakacheza kama nusu saa, mimi nikitafsiri utani na matusi madogo madogo. Alikuwa akimwachia kijana ashinde, tena waziwazi, na kijana akajua. Mara ya tatu tulipokutana ndipo kijana akasema, bila kuulizwa, kwamba mama yake hajui yuko wapi.

Huku si peponi, msije mkadhani. Mimi niliitwa mara moja kwa wiki. Siku zilizobaki kijana alitazama dari, maana hapakuwa na mlinzi wala mwenzake anayejua lugha yake. Chumba cha peke yako bila mtu wa kusema naye ni adhabu juu ya adhabu.

Kwa maandishi, Tanzania hatuko nyuma. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo gerezani. Mahabusu za watoto zipo, shule ya maadilisho, ya kuwarekebisha watoto waliopatikana na hatia, ipo Mbeya. Shida ni zile siku za mwanzo kituoni, kabla afisa ustawi wa jamii hajafika, naye ana kesi za eneo zima mikononi. Fedha ikipatikana, mimi ningeajiri maafisa hao kwanza; majengo baadaye.

Halafu kuna suala la umri. Huku kijana wa miaka 18 hadi 20 anaweza bado kuhukumiwa kwa sheria ya vijana, mahakama ikiona hajapevuka, na akatumikia kifungo kwenye gereza la vijana. Kwetu Sheria ya Mtoto inakuachia mkono siku unapotimiza 18.

Binamu alikamatwa tena akiwa na 19. Safari hiyo aliyemweka selo na watu wazima hakuvunja sheria yoyote.