Dashibodi ya bati iliyooza: ichomelewe au ifunikwe?

Magari ya zamani yaliyobaki huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania mengi yana dashibodi ya chuma kitupu kilichopakwa rangi. Land Rover Series II na IIA zilizotengenezwa kati ya 1958 na 1971, Land Cruiser za familia ya 40, Volkswagen Beetle za mwanzoni mwa miaka ya 1960: ukigonga mbele ya usukani unasikia bati likilia. Mtu akiamua kulirudisha gari la namna hiyo katika hali yake ya awali, ubishi mkubwa gereji huwa ni juu ya dashibodi. Wapo wanaosema palipooza pakatwe, pachomelewe bati jipya, panyooshwe na kupakwa rangi. Wapo wanaosema hayo ni mateso ya bure: weka fibaglasi juu yake, au ubao uliovikwa ngozi bandia, kazi iishe mteja aondoke na gari lake.

Mimi niko na wale wa kwanza. Hata hivyo hoja ya kufunika ina uzito kuliko wapenzi wa magari ya zamani wanavyotaka kukubali, na inastahili kusikilizwa.

Gereji nyingi za mtaani, iwe Mwanjelwa kule Mbeya au Ipogolo kule Iringa, zina mashine ya kuchomelea kwa vijiti, ile ile inayotengeneza mageti na madirisha. Bati la dashibodi lina unene wa milimita moja hivi, na likishaliwa na kutu linapungua zaidi. Kijiti cha milimita 2.5 kikiligusa kinalitoboa. Fundi anaziba pale alipotoboa, panatoboka pembeni, anafuata na huko, na mwisho tundu lililokuwa la kupitisha kidole linapitisha ngumi. Halafu kuna suala la muda. Gari linalobeba viazi kutoka Umalila au mbao kutoka Mufindi ndilo linalolipa ada za watoto, na mwenyewe hawezi kuliacha gereji mwezi mzima kwa sababu ya kitu ambacho hakizuii injini kuwaka. Fundi anayemwambia "tufunike tu, mzee" hamdanganyi kuhusu haraka wala kuhusu muonekano. Kwa miezi ya mwanzo dashibodi itapendeza kweli.

Tatizo ni kwamba kufunika kunaficha kutu bila kuzuia maji. Dashibodi ya chuma haianzi kuoza upande unaouona. Mpira wa kioo cha mbele ukikauka na kupasuka, maji ya mvua yanapita chini yake, yanatuama kwenye mkunjo wa bati na kukaa humo. Land Rover ina vidirisha vya kuingiza hewa chini ya kioo, na navyo mipira yake ikichoka vinaleta maji kule kule. Hali ya hewa ya huku inamalizia kazi. Tukuyu hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Njombe, usiku wa Juni na Julai, chuma kinapoa kiasi kwamba asubuhi kinatoa jasho upande wa ndani, nyuma ya geji, ambako hakuna anayepangusa. Ndiyo maana gari lililoishi Chunya kwenye ukavu na lililoishi Rungwe kwenye mvua, hata kama yalitoka kiwandani mwaka mmoja, hayawezi kupewa dawa moja.

Anayetaka kujua amebakiwa na nini achukue bisibisi bapa, achokoe kona ya chini ya kioo, pale rangi ilipofura. Kwanza litatoka ganda la rangi. Chini yake mara nyingi kuna puti, ile dawa ya kusawazishia bodi, ya fundi aliyepita, nene kuliko bati lenyewe, imeachana na chuma na inatoka kipande kizima. Kisha unga wa kahawia. Kama baada ya hapo bisibisi inagota kwenye chuma kigumu, kazi ni ya uso tu. Kama inazama hadi kwenye mpini, huna tena dashibodi ya kufunika. Una rangi iliyosimama kwa mazoea.

Kwa Land Rover jambo hili linagusa usalama, na hapa ndipo naona hoja ya kufunika inaishiwa nguvu. Baada ya Vita Kuu ya Pili chuma kilikuwa cha mgawo Uingereza, kwa hiyo gari lilipozinduliwa mwaka 1948 sehemu kubwa ya bodi ilitengenezwa kwa aluminiamu. Ukuta wa mbele, ule unaotenganisha injini na abiria, ulibaki kuwa wa chuma, na dashibodi ni sehemu ya ukuta huo. Humo ndimo zinapofungwa bawaba za milango, ndipo usukani unaposhikiliwa, ndipo kioo cha mbele kinapokaa. Tena pale chuma kinapogusana na aluminiamu penye unyevu, aluminiamu nayo inaliwa mbio zaidi. Kuvika ukuta ulioliwa na kutu ngozi bandia ni kumficha dereva habari anayoihitaji kabla hajashuka mteremko wa Nyang'oro.

Hata hivyo kuchomelea vibaya kunaharibu kuliko kufunika, na wenzangu wa upande huu hawalisemi vya kutosha. Chuma kikipata moto kinatanuka. Katikati ya bati bapa hakina pa kwenda kwa sababu kimezungukwa na chuma baridi pande zote, kwa hiyo kinajifinya na kunenepa pale pale. Kikipoa kinasinyaa na kuvuta bati zima. Dashibodi iliyochomelewa mstari mmoja mrefu bila kupumzika inatoka na mawimbi, na geji zikirudishwa hazilali.

Fundi anayejua utamtambua kwenye tundu dogo tu, tuseme lile la swichi iliyoongezwa zamani. Anakwangua rangi pande zote mbili mpaka chuma king'ae. Anakata kiraka cha bati la unene ule ule, anakipiga tupa kiingie ndani ya tundu bila kupandana, maana bati lililopandishwa juu ya bati linatunza maji katikati. Nyuma anaegemeza kipande cha shaba nyekundu, kwa kuwa chuma kilichoyeyuka hakishiki shaba na moto mwingine unaishia humo. Kwa mashine ya kuchomelea kwa waya mwembamba anagusa nukta moja, anasubiri hadi aweze kuweka kiganja, kisha nukta ya pili upande wa mkabala. Mwisho anasaga taratibu na kupigapiga kwa nyundo nyepesi, chuma kizito kikiwa nyuma, bati lirudi usawa. Asiye na mashine ya waya anaweza kutumia gesi yenye mdomo mdogo, lakini joto lake linasambaa zaidi, na hapo subira inatakiwa mara mbili.

Kiraka kiwe cha bati la bodi, lenye unene wa geji 20 au karibu na hapo (namba ya geji ikipanda bati linakuwa jembamba). Bati la kuezekea la geji 28 au 30 ni jembamba mno, na zinki iliyopakwa juu yake ikiungua inatoa moshi mweupe unaompa fundi homa usiku. Kabla ya cheche ya kwanza betri ifunguliwe, nyaya zote nyuma ya dashibodi zitolewe, na kioo kifunikwe kwa turubai lililoloweshwa. Cheche za grainda zinajichoma kwenye kioo na hazisuguliki zikatoka. Rangi za miaka hiyo zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwa hiyo msasa upigwe kwa maji, na watoto wanaocheza gereji wakae mbali.

Puti nayo inasingiziwa sana. Ikipakwa juu ya chuma kizima kilichosafishwa, isizidi milimita mbili au tatu, ni kazi halali kabisa na inadumu. Kosa ni kuifanya izibe tundu. Inanyonya unyevu, na mtikisiko wa barabara ya vumbi unaitenga na chuma hata kama juu imepakwa rangi ya gharama.

Ipo njia ya tatu, kubadilisha kipande kizima. Ukuta mpya wa Land Rover bado unatengenezwa Uingereza, na kwa kuwa wao nao wanaendesha kushoto, unaingia bila kugeuzwa. Volkswagen iliyotengenezwa kwa soko la Ujerumani ina usukani kushoto, hivyo dashibodi yake haikusaidii hapa. Utafute gari bovu la usukani wa kulia ukate humo. Kwangu mimi njia hii ni ya gari ambalo bawaba za milango zimeanza kulegea pamoja na ukuta. Gharama ni kubwa, usafiri na ushuru vikiwemo. Pia magari mengi ya zamani yana kibao chenye namba ya chasisi kilichopigwa ribiti kwenye ukuta huo huo. Kitolewe kwa uangalifu na kurudishwa, la sivyo siku ya kuuza utaanza kueleza kwa nini gari na kadi yake havisomani.

Linabaki tundu la redio. Magari mengi yalikatwa dashibodi na wenye nayo ili kuingiza redio, enzi za kusikiliza RTD (Radio Tanzania Dar es Salaam) njiani, na wengi wanaorudisha magari leo wanataka tundu hilo lizibwe ili gari lionekane kama lilivyotoka kiwandani. Naelewa shauku hiyo, na kwa gari ambalo historia yake yote inajulikana wana haki. Lakini tundu lililokatwa kwa msumeno na kupigwa tupa vizuri, lisilogusa sehemu inayoshikilia usukani, halina kosa la kusahihishwa. Kukizuia kiraka kikubwa hivyo kisijikunje ndiyo kazi ngumu kuliko zote kwenye dashibodi nzima, na asilimia kubwa ya mawimbi niliyoyaona yalianzia hapo. Ningemwambia fundi aondoe kutu kwenye kingo zake, apake praima ndani na nje, na airudishe redio humo. Nguvu aziweke kwenye kona za kioo na kwenye mpira mpya, na mpira huo ununuliwe kabla rangi haijafunguliwa.