Mama anataka nishuke kwenye treni

Jamani mie nimechoka. Tangu nihamie huku Wuppertal, Ujerumani, kila nikipiga simu nyumbani Tanga habari ni hii treni tu. Kosa langu mwenyewe, siku ya kwanza niliwasha video nikiwa ndani ya behewa, mama akaona mto unapita chini akapiga ukelele, "We mtoto, shuka huko!" Nishukie wapi sasa mama, hapa hadi chini mita kama 12 halafu maji.

Nikamweleza taratibu, mama hii ni treni ya reli moja, reli iko juu sie tunaning'inia chini yake kama popo, maana bonde lenyewe jembamba, vilima huku na huku, nyumba na viwanda vimebanana, pa kulaza reli hakuna, ndo wakaitundika, sehemu kubwa juu ya mto Wupper, njia nzima kilomita 13 na ushee vituo 20. "Na magurudumu?" Yako juu ya paa mama. Kimyaaa. Nikasikia anamnong'oneza mjomba, "Huyu kashaanza kuvuta."

Mjomba naye afadhali asingepewa simu. Nimesema tu ipo tangu 1901 akadaka hapo hapo, "1901 si hao hao walikuwa huku wanatutoza kodi ya vibanda? Basi hiyo tumeshailipia, panda bure." Haya nenda kamwambie hivyo mkaguzi wa tiketi, na Kijerumani chenyewe hiki cha kuombea mkate.

Nikaona niwatoe hofu, ndo nikaharibu kabisa. Nikawaambia humu hata tembo kashapanda! Na kweli, 1950 watu wa sarakasi walimpakia mtoto wa tembo, Tuffi, wajitangazie biashara, behewa limejaa waandishi, linayumba, mnyama akataharuki akavunja ubavu wa behewa huyooo mtoni. Hakufa bwana, michubuko tu, kaishi mpaka 1989. Mie nilijua kwenye hakufa watashangilia, mjomba anasema, "Tembo mzima kashuka kabla ya kituo, we nani mpaka ung'ang'anie?"

Sasa asubuhi naenda zangu kazini, treni ikibembea kidogo tu macho yote kwenye ule ubavu, jasho linanitoka na baridi hii, vibibi vya Kijerumani vinasoma gazeti havina habari.

Jana mama kapiga mwenyewe, usiku wa manane, nikajua msiba. "Mwanangu silali. Hivi yule tembo nauli alilipiwa na nani?"