Bakoche betu banachagua tu, kufundisha hapana

Siku ya posho asubuhi nilimusindikiza mutoto ya yaya yangu ku antrenema ya balo kule Katuba, hapa Lubumbashi, kiwanja ya mavumbi pembeni ya barabara. Iko na miaka 10, mwembamba sana, lakini balo anaipenda kuliko bukari. Nilikaa juu ya jiwe, simu ilikuwa imeisha moto, sina kitu ya kufanya, basi nikaanza kuhesabu ni mara ngapi anagusa balo. Hivyo tu, kwa kupitisha saa.

Batoto balikuwa kama 40. Mabalo 3, na moja ilikuwa haina pumzi ya kutosha. Koche alibapanga mistari mbili, kila mutoto anakimbia, anapokea pase, anashota ku goli, anarudi nyuma ya mustari, anangoja. Dakika 40 nzima ni hiyo. Mutoto yetu aligusa balo mara 11. Saa yenye ilibakia alikuwa anasimama, anachora chini na kidole ya mguu, anasukumana na mwenzake mpaka koche anabapigia kelele. Halafu filimbi ikalia, koche akabaita bale bakubwa bakubwa benye bataanza mechi ya siku ya Mungu, bengine akabaambia muende nyumbani.

Bengine nyumbani habakuenda. Balipita nyuma ya ukuta ya kanisa, bakaweka matofali mbili huku na mbili kule, mutoto moja akatoa balo ya masashe yenye kufungwa na kamba, bakaanza bane kwa bane. Pale nilijaribu kuhesabu tena nikaachilia, juu kabla dakika 5 haijaisha alikuwa alishapita zile 11. Na habakuwa na mutu ya kubafundisha, isipokuwa ukuta na ile balo yenye inarukaka kila mara upande yenye hujangojea.

Hapa Lubumbashi tunapendaka kubishana, mbele ya nganda ao ndani ya bisi ya commune ya Kenya, kama muchezaji anazalikaka ao anatengenezwaka. Mimi zamani nilikuwa ekipe ya "anazalikaka". Mimi na mudogo yangu tulikomalia mu lupango moja, tukala sombe moja, tukachezea kiwanja moja, yeye balo ilikuwa inamusikia, mimi ilikuwa inanikimbia kama kuku. Kwa hiyo musiniambie kipaji haiko, nimelala nayo chumba moja. Lakini kisha kuona ile ukuta ya kanisa nikakumbuka kitu: mudogo yangu alikuwa anatoka masomo anaenda kiwanjani mpaka giza, mama anaita anaita, na mimi niko mu nyumba nasikiliza radio. Hakuna mutu aliandika zile masaa. Tulipomuona anakwepesha bantu batatu tukasema Mungu njo alimupatia, na ni kweli, lakini Mungu alimupatia pia miaka 8 ya kila siku.

Sasa bale banasema koche njo kila kitu bananiletea mwaka 2010. Na mimi naipenda hiyo mufano kuliko bote. Mazembe, klabu yetu ya Lubumbashi, ilienda Abu Dhabi, ikapiga Internacional ya Brazil 2-0, magoli ya Kabangu na Kaluyituka, ekipe ya kwanza ya Afrika kufika finali ya Kombe ya Dunia ya ma klabu, kipa Kidiaba anarukaruka na matako dunia nzima inacheka na sisi tunalia na furaha. Finali Inter ya Italia alitupiga 3-0, sawa. Lakini nani anakumbuka kama Trésor Mputu hakuwako? Kipaji kubwa kuliko zote mu muji, mwenye mwaka ya mbele, 2009, alichukua taji ya muchezaji bora mwenye anacheza ndani ya Afrika, alikuwa amefungiwa na FIFA. Na bale bengine, na koche Lamine N'Diaye, balifika finali bila yeye. Ile ilikuwa ni mpangilio, kila mutu anajua kwa kusimama. Koche ya bantu bakubwa, hiyo njo kazi yake, na inaonekana.

Ya batoto ni kazi ingine kabisa, na hapa njo ninakasirika. Koche ya batoto ya miaka 10 hana kazi ya kushinda siku ya Mungu. Lakini angalia bale balichaguliwa ile posho: bote barefu, moja iko na sauti ya kupasuka tayari. Koche hakubafundisha kitu, alibakuta bamekomaa mbele ya bengine akabachukua. Akishinda mechi tunasema ni koche mukali. Kule Ulaya bantu balishaona siku mingi kama mu ma akademi batoto benye balizaliwa mwanzo ya mwaka banajaa kuliko ba mwezi ya 11 na ya 12, juu mutoto ya mwezi ya kwanza iko na karibu mwaka muzima juu ya mwenzake, na mu miaka 10 mwaka moja ni kitu kubwa. Huku kwetu hatuna hata hiyo shida ya miezi, kwetu mutoto anaweza kukatwa miaka mitatu na karatasi ikatoka safi. Si juu ya bure FIFA tangu 2009 mu Kombe ya Dunia ya chini ya miaka 17 banapigaka picha ya mifupa ya kifundo ya mukono, juu ya kujua miaka ya kweli.

Na kale kadogo kenye kaliambiwa kaende nyumbani? Griezmann ma klabu ya Ufaransa zilimukatala mutoto, banasema mufupi, mwembamba, akaenda kulelewa Real Sociedad kule Uhispania, na 2018 akabebea Ufaransa ile ile Kombe ya Dunia. Yeye alipata mulango ingine. Huku Katuba mulango ingine ni kuuza maji ya sashe.

Kuna kitu ingine inaniumaga. Leopards, ekipe ya taifa ya Kongo, ya CAN, Kombe ya Afrika, yenye ilichezwa Côte d'Ivoire mwanzo ya 2024, ile ilifika nafasi ya nne. Wissa, Bakambu, Masuaku, bote balizaliwa Ufaransa, balifundishwa kule kule. Damu ni yetu, majina ni yetu. Bantu banasema "ona kipaji ya Kongo!" Ndiyo, lakini kama kipaji ni ya damu, hii damu iko mingi zaidi huku kuliko kule, sivyo? Kwa nini basi tunangoja batoto ya bandugu zetu ba Ulaya? Najua, Mbemba na Meschack Elia ni ba huku, balitokea Kinshasa, na Elia alipita Mazembe. Na Mazembe ilifungua akademi yake 2012, Jackson Muleka alipita mule kabla ya kwenda Standard Liège kule Ubelgiji. Kwa hiyo inawezekana. Lakini akademi moja kwa muji mukubwa hivi, bengine bote bako mu mustari banangoja balo.

Koche ya kweli nilimuonaga mara moja tu, mu commune ya Kenya, nilikuwa kijana. Muzee moja, diploma hana, anavala gamboti hata jua ikiwaka. Alikuwa anachora viwanja vidogo na jivu, batatu kwa batatu, hakuna mutu anasimama. Na iko na muchezo yake: balo ikianza kukuya kwako, yeye anasimama nyuma yako ananyoosha vidole, anauliza "Ngapi?" Unalazimika kugeuza kichwa kuangalia mbele balo haijafika, useme "mbili" ao "ine", kisha ndio upokee. Ukikosa, unatoka. Tulikuwa tunacheka, tunasema muzee amekuwa wazimu. Leo nikiangalia bachezaji bakubwa ku televizyo, mbele ya kupata balo banageuza kichwa mara mbili, tatu, nawaza vidole ya ule muzee. Hiyo hakuna mutoto anazalikaka nayo. Na ukuta ya kanisa haiwezi kukufundisha, ukuta haina vidole.

Ile posho nilimukaribia koche, kwa heshima, nikamuambia: koche, hizi balo 3, na ile ya masashe ikuwe ya ine, gawa batoto bane kwa bane, bale babakie pembeni dakika 5 kisha babadilishane. Hakukasirika. Alipangusa uso akasema: "Mukubwa, najua. Lakini bazazi banakuya hapa banaangalia. Bakiona mustari, koni, filimbi, banajua batoto banafundishwa. Bakiona batoto banacheza tu, banaacha kulipa."

Nikawaza ni kisingizio. Magaribi nikamuelezea yaya yangu mambo yote, zile 11, ukuta, vidole ya muzee. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anasonga bukari, kisha akaniuliza: "Kama ni kucheza tu, mimi ninalipaka nini pale?"