Kitenge cha Mlangoni Hakitoshi

Sisi Wakatoliki wa Moshi tumeishusha staha hadi imekuwa habari ya magoti ya mabinti. Msichana akija misani na sketi fupi, mama wa zamu mlangoni anamzungushia kitenge kiunoni, anakikaza fundo mbele za watu, na binti anaishia benchi la nyuma, uso chini hadi baraka ya mwisho. Kijana wa kiume aliyesimama nje akimkodolea macho anaingia bila kuulizwa kitu.

Kanisa halifundishi hivyo. Katekisimu, kitabu rasmi cha mafundisho ya Kanisa, inaiweka staha, ibara ya 2521 hadi 2524, chini ya Amri ya Tisa, ile ya kutotamani mke wa mtu. Amri hiyo inamshika kwanza anayetazama! Tena Katekisimu inakiri kwamba namna za staha hutofautiana kati ya utamaduni na utamaduni. Hata agizo la wanawake kufunika kichwa kanisani, lililokuwamo katika Sheria za Kanisa za 1917, halimo katika zile za 1983.

Kwenye suruali na hereni, baadhi ya majirani zetu walokole ni wakali kuliko sisi. Ukali wetu uko chumbani kwa wanandoa, kwenye uzazi wa mpango. Walutheri walianza kazi Machame mwaka 1893, wamisionari wetu wakiwa wameshafika Kilema, na tumeoana nao sana, kwa hiyo jambo hili linajitokeza kwenye mafundisho ya ndoa. Kwa Mlutheri ndoa ni takatifu lakini si sakramenti, na uzazi wa mpango, uwe vidonge au kijiti, huachiwa dhamiri ya mume na mke. Waanglikana waliukubali kwa masharti kwenye mkutano wa maaskofu wao wa Lambeth mwaka 1930. Kwetu Papa Paulo VI alisema hapana mwaka 1968, katika waraka wake Humanae Vitae: tendo la ndoa lisifungiwe uhai kwa makusudi.

Nayaamini mafundisho hayo. Ninachokilalamikia ni kwamba wengi wetu tunayasikia wiki chache kabla ya harusi, kamati imeshakaa, michango imeshatolewa, ukumbi umeshalipiwa. Nani atauliza swali la kweli wakati huo? Papa Yohane Paulo II aliutafakari mwili kama zawadi katika katekesi zake za Jumatano, kuanzia 1979 hadi 1984. Vijana wetu wa kipaimara wanastahili kuonjeshwa hayo mapema.

Viongozi wa jumuiya ndogondogo, wekeni mada hii mezani, na akina baba wawepo.