Volti 12 za Gari? Nani Kakudanganya!

Hivi nani alianzisha uzushi kwamba gari lina volti 12? Pima injini ikiwa imezimwa: 12.6. Washa: 13.8, mara 14.4. Piga stata kwenye baridi: zimeporomoka hadi 7! Halafu kuna mtu, Mungu amsamehe, anataka kufunga kompyuta ndani ya gari, anachukua waya wa betri na kuuchomeka moja kwa moja kwenye laini ya 12 ya kompyuta, ambayo uvumilivu wake ni 11.4 hadi 12.6, basi. Moshi ukitoka, anasema gari lina mkosi.

Na hiyo ni siku njema. Waya wa betri ukichomoka huku alteneta, ile jenereta ya injini, ikiwa inachaji, umeme unaweza kuruka kupita volti 80. Kwa hiyo pale umeme unapoingilia weka dayodi ya kukaba, kifaa kinachozuia volti zinazoruka, ile inayovumilia volti 24, maana kuna wanaoboosti gari kwa betri mbili. Lakini hata hiyo inaweza kuachia karibu 40 zipite, kwa hiyo rejuleta yako, ile inayotuliza volti za gari ziwe 12 za kompyuta, iwe ya kuhimili 60. Fyuzi nayo ikae karibu na betri, jamani! Ukiiweka kule kwenye kompyuta, waya unaosuguliwa chini ya zulia unalindwa na nani?

Wengine watakwambia, "Si utumie inveta tu?" Upandishe hadi 230, kisha ushushe tena hadi 12, na kila kituo kinakula cha juu. Tumia rejuleta inayopandisha na kushusha yenyewe. Kompyuta ya wati 60, kwa ufanisi wa asilimia 85, inavuta wati 71: ampea 5 kwenye volti 14, lakini ampea 10 kwenye volti 7. Hesabu kwa ile mbaya: waya wa milimita za mraba 2.5, fyuzi ya 15. Kapasita za rejuleta, vile vihifadhi umeme vidogo, ziwe za nyuzi joto 105. Gari likianikwa juani, za 85 hazizeeki kwa heshima.

Usisahau swichi. Laini ya redio, ile inayopata umeme ukizungusha ufunguo, hukatika unapopiga stata, kwa hiyo weka saketi ya kusubiri sekunde chache kabla ya kuwasha kompyuta. Ukizima gari, saketi hiyo iibonyeze kompyuta ijifunge, iipe dakika moja, kisha relei, swichi inayoendeshwa na umeme, ikate kila kitu, hata ile volti 5 ya kusubiria, inayobaki hai kompyuta ikiwa imezimwa. Ukiihurumia hiyo, ampea 0.3 tu, inakula ampea-saa 7 kwa siku. Wiki haiishi, stata inagonga tk, tk, tk, na anayetukanwa ni fundi wa gari.