Utume haukuanzia Mathayo 28
Ndugu mwandishi, asante kwa makala, ila unaposema utume, yaani kupeleka habari za Mungu kwa mataifa yote, ulianza na agizo la Yesu katika Mathayo 28 la kwenda kuwafanya mataifa yote kuwa wanafunzi, sikubaliani nawe. Rudi Mwanzo 12:3: Mungu anamwahidi Abramu kwamba katika yeye jamaa zote za dunia watabarikiwa. Zote! Yona naye alitumwa Ninawi, mji wa adui, akakimbilia Tarshishi. Mungu hakubadili nia, akamtuma mara ya pili. Mimi niko Goma, Kongo, na habari ya Yona inanichoma, maana huku ni rahisi kuombea watu wa lugha yako tu. Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tukakimbilia mji jirani wa Sake, mama mmoja tusiyemjua akatupikia bugali na sombe (majani ya muhogo). Hakutuuliza kabila.